Ua wa Miyenzi Aliopanda Daudi

Jumatatu, 6 Aprili 1964

Nashona kola za watoto wa shule tangu asubuhi. Uzi mweupe unaelekea kwisha. Mvua ilikatika, nikaanika, ikarudi. Nikaanua. Mvua ya mwaka huu haina adabu.

Nyuma ya ua wangu wanajenga tena. Nasikia nyundo. Nasikia Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda cha watu wa mulimani, Kiswahili cha kila namna. Siwaoni. Miyenzi, miti ya utomvu ya kuzungushia ua, imesongamana, imepita urefu wa nyumba. Daudi aliipanda juma lile lile tulilopewa parseli hii ya kujenga, wakati wa Wabelgiji. Mzungu wa teritware, mkubwa wa wilaya, alisimama pale na fimbo yake, akasema mji wa Uvira unaishia hapa, ng'ambo hakuna ruhusa ya kujenga. Daudi akakata vijiti vya muyenzi, akavichomeka kwenye mstari ule ule. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kutii. Wageni wakija aliwaambia kwa kujivuna: sisi ndio mwisho wa mji.

Mzungu amekwenda, uhuru umekuja na makelele yake, na mji umeruka mstari kama mbuzi.

Alasiri nilishuka kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Sikufika sokoni. Ziwa limepanda tena. Aveni ya chini kabisa, mtaa ule wa wavuvi, iko ndani ya maji. Nimeona nyumba imesimama, mlango wazi, na visamaki vinaingia sebuleni na kutoka. Yesu Maria! Nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Mwanamke mmoja alinipita amebeba mabati ya nyumba yake kichwani, anapanda juu. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengine. Ndio hao ninaowasikia nyuma ya ua.

Nimekula bugali na sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Neema. Mwanangu huyu wa pekee amejenga nyuma ya ua wangu, juu kidogo. Nikimwita kwa nguvu ananisikia. Lakini kumfikia! Upande wa kushoto wa parseli yangu ni korongo. Upande wa kulia ni ukuta wa matofali wa depo ya pamba. Mwenyewe kafunga, kakimbilia Bujumbura. Kwa hiyo natoka kwa mlango wa mbele wa uwanja, naifuata aveni hadi darajani, napanda ng'ambo ya korongo, navuka tena juu kwenye gogo moja linaloteleza, halafu ndipo naanza kupotea.

Nimepotea kweli. Minye, niliyezaliwa Uvira! Mwezi jana palikuwa na kijia. Leo pana jiko la mtu. Nikageuka, nikakuta choo. Nikageuka, nikarudi kwenye jiko lile lile, na mwenye jiko akacheka hadi akakaa chini. Kila mtu amechomeka vijiti vyake vya muyenzi pale moyo wake ulipopenda. Akili ni nywele.

Na vijiti vinaota. Ndilo jambo lenyewe. Muyenzi ukishachipua, umemaliza maneno. Watu wa Bwegera wanasema hivyo, watu wa Bijombo wanasema hivyo, sisi wa ziwani tunasema hivyo: muyenzi ulioota hauguswi na mkono usioupanda. Ukiugusa, nyumba yako inazimika. Mimi ni Mkatoliki, siyaamini hayo. Lakini siugusi.

Neema tumbo limeshuka. Mtoto wa kwanza. Nimemwambia ashuke akae kwangu, maternite ya masista, pa kuzalia, iko karibu na mwisho wa aveni yetu. Hataki. Byamungu, mume wake, yuko Bwegera anatafuta mchele, na nyumba ikibaki bila mtu watu watachomeka vijiti hadi mlangoni. Si uongo. Nimeona kwa macho.

Wakati wa kuondoka nilipanda kidogo, juu ya mwamba, kupumzika. Nikageuka kutazama. Ee Mungu wangu. Mlima wote umejaa. Paa za majani, za mabati, za maturubai, moshi kila mahali, hadi kwenye mawe ambako zamani tulikuwa tunaogopa nyoka. Lini? Nilikuwa nashona tu, nikainua kichwa, mji umekuwa mkubwa. Nilisimama kama mjinga, mkono mdomoni.

Jumapili, 12 Aprili

Mtu amekufa ndani ya kipoyi.

Baba mmoja wa uwandani, homa ya kichwa. Muhoza na wenzake walimbeba kwa hicho kipoyi, machela yao ya miti ya kubebea wagonjwa. Muhoza ni muuza maziwa, alishuka kutoka Bijombo na ng'ombe wachache, ndiye mkubwa wa chama cha kipoyi huko juu. Kwao mlimani kila kilima kina kipoyi chake, na mtu akiugua wanaume wote wanatoka, asiyetoka hasalimiwi. Desturi hiyo wameshuka nayo. Sasa hata Wafuliiru na Wavira wa huko juu wamo.

Kipoyi kinataka wabebaji wawili mbele sambamba, wawili nyuma sambamba. Na hakiinamishwi, wala hakirudi nyuma, ni mkosi. Waliingia kijia hiki, kikabana. Kile, kikabana. Wakazunguka kama ng'ombe waliopotea zizi, mgonjwa analia maji. Alikata roho karibu na jiko lile lile nililopotea mimi.

Nimesali rozari nzima. Nilimfikiria Neema katika kila punje.

Jumatano, 15 Aprili

Muhoza amepita kuuza maziwa, hakuuza, alikuwa na habari tu. Watu wote wa juu wamekutana. Wamekubaliana watapitisha kipoyi kutoka mwamba wa juu hadi chini, mstari mmoja. Pale kitakapobana, mwenye muyenzi ataung'oa mwenyewe, kwa mkono wake, ataurudisha nyuma. Na wafanye sasa, mvua bado inanyesha, vijiti vikihamishwa wakati wa jua havishiki.

Nikamwambia hawataweza. Watu wale? Hawaelewani hata kuhusu bei ya chumvi.

Akacheka. "Mama Neema, weye ngoja tu."

Jumamosi, 18 Aprili

Nilikuwa nimekosea, na naandika kwa furaha kwamba nilikosea.

Nilipanda asubuhi kuangalia kichekesho. Kweli kilianza kama kichekesho. Kipoyi kitupu hakina uzito wa kweli, wakasema apande mtu. Wakampandisha Mama Kasigisi, yule muuza pombe ya ndizi, mnene kuliko wote. Amekaa ndani kama bibi harusi, anapungia watu mkono, anawatukana wabebaji kwa jina moja moja. Watoto wanaimba nyuma. Wanaume wanne wanatoa jasho.

Pale kilipobana walisimama. Mwenye ua akatoka. Akainama, akashika muyenzi wake, akang'oa. Akachomeka nyuma. Akang'oa mwingine. Utomvu mweupe unamchuruzika, amefunga macho na uso kwa kitambaa, maana ukiingia jichoni jicho limekwisha. Kipoyi kikapita. Ua wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa bibi mmoja Mvira ambaye aligoma, akatukana ukoo wa kila mtu aliyekuwepo, akaingia ndani akafunga mlango. Tukangoja mvuani. Akatoka na jembe, bado anatukana, akang'oa huku anatukana, akapanda huku anatukana. Mama Kasigisi akamshangilia kutoka kwenye kipoyi.

Mwanaume mmoja alibomoa jiko lake. Jiko lile. Hakuambiwa na mtu. Mwalimu mmoja alikata kona ya nyumba yake yenyewe, ukuta wa udongo, chumba kikabaki wazi na kitanda kinaonekana.

Hakukuwa na askari. Hakukuwa na karani wa biro ya serikali. Sikuona kamba ya kupimia. Waliokuwepo ni watu wanaozungumza lugha nne, kipoyi, na mama mnene. Na nyuma yao, kila nikigeuka, barabara. Imenyooka! Nilikuwa naona mwamba wa juu kutoka chini. Watu walikuwa wanageuka kuitazama na kusema aka, aka, kama waliokuta mtoto ambaye hawakumzaa.

Wakafika kwangu. Kwenye ua wa Daudi. Wakasimama.

Mimi nilikuwa upande wao, nikautazama ua wangu kwa nyuma, mara ya kwanza. Ukuta mweusi wa kijani. Hauna pa kupenya hata kuku.

Wote wakanitazama.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekataa.

Muhoza alikuja baada ya misa yetu na ibada yao. Alikaa barzani, hakunywa chai. Akasema: "Weye iko na mlango wa mbele. Siye tuko na nini?" Nikamwambia waende wamwombe aliyepanda. Yuko makaburini.

Nilijua atajibu nini, akajibu. Mwenye kupanda akifa, mkono wa mtoto wake ni mkono wake. Daudi alizaa mmoja tu.

Nikasimama. Nikamwambia ua ule ndio Daudi niliyebakiwa naye. Nguo zake nimegawa. Baiskeli imeuzwa. Na ukiukata, uwanja wangu ni barabara, kila mlevi wa Mama Kasigisi atapita dirishani kwangu. Tena mkwe wangu! Byamungu hatukutani uso kwa uso, ndiyo heshima yetu; akija huniamkia akiwa nyuma ya nyumba. Leo apite katikati ya uwanja wa mama mkwe wake kila asubuhi? Hiyo ni barabara au ni aibu?

Muhoza akasema sawa. Akaondoka.

Nilifurahi sana kumjibu. Nilikula vizuri. Furaha imeisha kabla sijaosha sahani.

Jumanne, 21 Aprili

Neema ametuma neno: mkono wake hautagusa ua wa baba kama mama hajasema.

Kwa hiyo kesi iko kwangu. Wamenirudishia kama sufuria ya kuazima.

Jumanne, 28 Aprili

Maji ya korongo yamechukua gogo. Sasa mtu wa huko juu akitaka kushuka, anapanda kwanza karibu na mawe makubwa, anazunguka, anateremka ng'ambo. Mtu mzima mwenye nguvu anafika amechoka. Mwenye mimba hafiki.

Barabara yao imenyooka, safi, wameiwekea hata mawe pembeni. Inakuja hadi mgongoni kwangu inasimama. Jioni wanaitembelea tu. Wanashuka hadi kwenye ua wangu, wanageuka, wanapanda. Nawasikia. Hawasemi kitu kibaya. Ningefurahi zaidi wangesema.

Jumatatu, 4 Mei

Watu wa uwandani wanamiminika. Waasi wameteka vijiji, askari wanachoma vingine, na kila mtu ana habari yake. Magunia, mbuzi, vitanda. Wanaliona ziwa limekula aveni za chini, wanapanda juu. Mlima unaongezeka kila asubuhi. Nikitazama kutoka barzani naona majani mapya ya paa ambayo jana hayakuwepo. Inatisha na ni ajabu, vyote pamoja. Hawa watu wamepoteza kila kitu, na cha kwanza wanachofanya ni kuuliza njia inapita wapi wasije wakajenga juu yake. Ndiyo, wanauliza! Muhoza ameniambia hivyo.

Byamungu amerudi. Mchele hakupata. Aliniamkia kutoka nyuma ya nyumba, kama kawaida, amezunguka kote kule. Nikamwuliza Neema vipi. Akasema miguu imevimba.

Nimemwambia mkwe wangu amlete. Akasema, "Mama, nitamleta wapi?" Hajawahi kunijibu hivyo. Hakukosa adabu. Alikuwa anauliza kweli.

Ijumaa, 8 Mei

Nimelala kitandani mchana, mgonjwa wa hasira. Hasira kwa Daudi. Kwa nini ulipanda miyenzi, baba Neema? Kwa nini hukupanda migomba, ambayo mtu hukata bila kesi? Mzungu alichora mstari na fimbo. Mvua moja ingeufuta. Wewe ukaufanya uishi.

Jumapili, 10 Mei

Padri hakuhubiri. Alisoma sala, akatuambia twende nyumbani.

Nilichukua panga nikaenda nyuma. Nikasimama mbele ya ua. Mkono haukuinuka. Naandika kama ilivyo, haukuinuka. Si kwamba niliamua. Nikarudi, nikafagia uwanja ambao ulikuwa safi.

Kesho nitatuma neno kwa Neema. Nitamwambia nimekubali.

Jumatatu, 11 Mei

Sikutuma.

Alhamisi, 14 Mei

Milio upande wa uwanda tangu alfajiri. Kamyo za askari zinapita aveni ya barabara kuu, zinaelekea kusini, zimejaa, hazisimami. Masista bado wapo. Soko halikufunguliwa. Sijashona.

Naogopa. Neema, Neema, Neema.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika ya jana. Niko maternite, nimekaa kwenye benchi ya korido, daftari juu ya magoti.

Jana asubuhi milio ilikuwa karibu. Watu wa aveni yetu walitoka na vitu vyao wote kwa mara moja. Pa kwenda? Barabara ya kaskazini wanapigana. Kusini askari wanaokimbia wananyang'anya. Ziwani mitumbwi imekwisha. Basi mlima. Na kuupanda mlima ni kuzunguka hadi darajani, na darajani risasi zilikuwa zinapita. Mtu mmoja akasema nyuma ya nyumba ya mama mshonaji kuna barabara. Nao wakaja kwangu. Uwanja ukajaa. Magodoro, kuku, vikongwe, watoto wamebeba watoto. Wakaukuta ua.

Na mimi nilikuwa katikati yao nikasikia kutoka ng'ambo sauti ya Muhoza. Ananiita kwa jina langu la ubatizo, ambalo halijui mtu. Neema alimpa. "Mama Felisita! Tuko na mtoto wako kwenye kipoyi. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Fungua!"

Halafu nikamsikia yeye. Hakuwa ananiita. Alikuwa analia tu.

Pande zote mbili za ua watu. Hawa wanataka kupanda, wale wanataka kushuka. Katikati Daudi wangu.

Nikachukua panga. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Mwanamume mmoja aliye na shoka karibu yangu, hodari, mgongo mpana, nikamwambia piga basi. Akarudi nyuma. Akasema, "Mama, minye sikupanda." Risasi zinalia, watoto wanalia, na mtu hataki kugusa mti! Na nilimwelewa. Hata mimi mkono ulikuwa unakufa. Ndivyo tulivyo.

Nikapiga kelele. Nilisema kile ambacho ningekisema mwezi uliopita kwa chai na utulivu. Nikasema: Neema, baba yako amekuruhusu. Mimi pia. Kata, mwanangu.

Sikuona. Walinisimulia wabebaji, na Byamungu alikuwa mmoja wao, mbele kulia. Walimsogeza hadi kipoyi kikagusa miyenzi. Muhoza akamfunika macho kwa kofia yake, akampa panga mkononi. Neema hakuinuka. Alingoja uchungu upite, akauliza mti uko wapi, akapiga akiwa amelala. Pigo la mtu mgonjwa. Lilikata tawi dogo.

Lilitosha. Ee Mungu, lilitosha. Nilisikia sauti ndogo ile, na baada yake mapanga mia. Kutoka kwao na kutoka kwetu. Yule wa shoka alikuwa wa kwanza upande wangu. Wakafunga nyuso kwa vitenge, kwa mashati, kwa chandarua, wakakata. Miti iliyopita paa ilianguka huku na huku, utomvu unamwagika kama mtu amepindua kibuyu cha maziwa. Na mwanga ukaingia. Uwanja wangu haujawahi kupata mwanga wa upande ule. Nikaona. Nikaona moja kwa moja, juu, juu, hadi mwamba, barabara nyekundu imenyooka, imejaa watu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbele yao kipoyi.

Nilidhani wa chini watakimbilia pengo. Risasi ziko mgongoni, nani angewalaumu? Hakuna aliyesogea. Yule wa shoka alinyosha mikono yake pande mbili. Wakagawanyika, hawa ukutani kwa depo, hawa kwenye korongo, magodoro kichwani. Kipoyi kikapita katikati ya uwanja wangu, hakikuinama hata kidogo. Nikaona uso wa mwanangu. Kijivu.

Byamungu alinipita karibu sana, bega lake limegusa langu. Hakuinamisha macho, wala mimi sikuinamisha. Tulitazamana kama watu wawili wenye mtoto mmoja.

Kipoyi kilipotoka kwa mlango wa mbele, ndipo watu wakaanza kupanda. Bila kusukumana. Bibi mmoja alinishika mkono akipita akasema asante, kama vile nilikuwa nimemkaribisha chakula.

Mtoto alizaliwa mchana. Msichana. Amevutwa miguu kwanza, alikaa bila kulia mpaka sista akampiga. Neema ametoka damu nyingi. Sista anasema akiamka kesho ataishi.

Nangoja kesho.

Jumapili, 17 Mei

Ameamka. Ameomba uji.

Nimelia mbele ya kila mtu, pamoja na vijana wa waasi walioshika mji, waliosimama mlangoni na majani vichwani mwao. Mmoja wao akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mjukuu. Akaondoa majani, akaingia kumtazama. Ana umri gani huyu? Ndevu hazijaota.

Ijumaa, 22 Mei

Mji una wakubwa wapya. Wanapiga makofi, wanapiga watu pia. Karani wa biro amechukuliwa, hatujui wapi. Nasema kidogo, nashona kidogo.

Neema yuko kwangu na mtoto. Byamungu analinda nyumba ya juu. Analeta kuni asubuhi, anapita katikati ya uwanja, hana pengine pa kupita. Siku ya kwanza alijifunika uso kwa mkeka, akagonga mlimao wangu. Nilicheka hadi Neema akanikataza. Heshima tutaitafutia mahali pengine. Sasa anakohoa anapokaribia, mimi nageuza kiti, anapita, tunaamkiana kwa migongo.

Jumapili, 31 Mei

Jua. Mvua nadhani imekwisha. Hakuna milio tangu juzi.

Mjukuu amenyonya amelala. Jina bado, tunangoja upande wa baba yake. Nimekaa naye nje, pembeni ya njia, maana ndani pana joto.

Watu wanapita. Wengine nawajua, wengi siwajui. Mwanaume na mlango wa nyumba kichwani. Wasichana na madebe ya maji, wanapiga soga. Ng'ombe wa Muhoza, na Muhoza mwenyewe, ambaye hakusimama kwa sababu alikuwa anagombana na ndama. Mama Kasigisi na mtungi. Nimeitikia salamu hadi koo limekauka.

Saa kumi hivi akaja mama mmoja mgeni kutoka chini, kijana, ana godoro na watoto wawili nyuma yake. Amechoka. Akasimama mbele yangu akatazama juu, akaniuliza: "Mama, hii njia inafika wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Inafika kwa Neema, nilitaka kusema. Inafika mwambani. Lakini Byamungu aliniambia jana kwamba wameshapita mwamba, na kwamba watu wa upande wa pili nao wanakata kuja kukutana nao, na hajui wamefikia wapi.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia aende tu, iko wazi.

Akashukuru, akapandisha godoro vizuri, akaenda na watoto wake.